Kiongozi wa Chai

Siku ya kuniaga mlinipa mmea wa chungu na kadi yenye picha ya jua likichomoza, na Darren, meneja wetu, akasimama mbele ya keki akasema mimi ndimi moyo wa mpango huu. Kisha akaniomba niwaandikie ninyi vijana mnaobaki maneno machache ya kutia moyo kutoka miaka yangu ya kazi. Mmea umeshakufa. Maneno ya kutia moyo sina. Nina haya, na mkiyaona machungu, tieni sukari wenyewe.

Vyeo sitavieleza sana, maana vilikuwa vya kubadilisha kibao cha mlangoni tu. Nilianza nikiitwa mhudumu wa kesi, baadaye mratibu wa ustawi, na mwishoni, Mungu anisamehe kwa kukubali, mshauri mwandamizi wa safari ya kupona. Kazi ilikuwa ileile. Nilimkalisha mtu mwenye hofu kwenye benchi la mahakama nikahakikisha hatoroki kabla jina lake halijaitwa.

Kwa asiyetujua, huu ni mpango wa mahakama moja huku magharibi ya Sydney. Wanaletwa watu waliosafirishwa kwa hila na kutumikishwa, ambao katika kutumikishwa huko walivunja sheria: mmoja aliendesha gari bila leseni kwa amri ya bwana wake, mwingine alifanya kazi kwa karatasi za mtu mwingine. Badala ya kuhukumiwa wanapewa muda, daktari, mahali pa kulala, masomo, na mtu kama mimi. Wakimaliza vizuri, shtaka linafutwa. Wakishindwa, wanarudishwa mahakama ya kawaida kama mtu yeyote aliyekamatwa njiani. Ni wazo zuri. Nalisema mapema ili msije mkadhani nadharau wazo lenyewe. Ninaowadharau ni waliokabidhiwa wazo hilo wakalivisha tai.

Siku ya kwanza nilifika kwa treni kutoka Penrith, nikiwa nimetoka kwenye kituo cha kutunza wazee nilikokuwa nikifanya kazi tangu nilipokuja nchi hii kutoka Voi. Chumba cha kupokelea watu kilikuwa na mito ya rangi saba, mshumaa wa umeme, na ukutani picha kubwa ya mikono miwili ikikata mnyororo. Nikaipenda ile picha. Bosi wangu wa kwanza, Lorraine, mwanasheria wa zamani aliyekuwa akiacha sigara kila Jumatatu, aliniona nikiitazama.

"Unaionaje?" akauliza.

"Nzuri," nikasema.

"Nani anayeingia humu anahitaji kukumbushwa minyororo?" Akapanda kiti na viatu vyake akaing'oa. Wiki iliyofuata wakuu wakatundika nyingine.

Nilichojifunza kwa Lorraine ndicho ninachoweza kuwaachia bila aibu. Usimpe mtu anayelia karatasi ya kujifutia, maana ukimpa umemwambia anyamaze. Weka boksi dirishani, aichukue mwenyewe akitaka. Usikae kati yake na mlango. Siku ya kesi pita naye mlango wa nyuma, kwa sababu wabunifu wa jengo hili waliona ni busara mshtakiwa, shahidi na aliyemtesa wote wapande lifti moja. Beba sweta la ziada, chumba cha mahakama kina baridi ya bucha. Na usiulize swali kama huna subira ya kungoja jibu. Hili la mwisho Lorraine alilisema mara nyingi, na sijaona mtu mwenye shahada mbili akiliweza.

Wa kwanza kunifundisha kuwadharau wataalamu alikuwa dereva mmoja aliyetumikishwa kwenye malori ya makontena ya bandari ya Port Botany. Alikuwa akilala ndani ya kichwa cha lori, hana kwao. Tukampatia chumba katika nyumba nzuri Penrith, yenye uwanja wa nyuma na mti wa ndimu. Haikupita muda ikagundulika analala kwenye gari bovu lililoegeshwa uwanjani. Kikaitishwa kikao. Mwanasaikolojia akaeleza kwa kirefu jinsi mwili unavyoshikamana na gereza lake, watu wakatikisa vichwa kwa huzuni. Nikaenda kumuuliza mwenyewe. Akasema mwenzake wa chumba anakoroma kama jenereta. Tukambadilishia chumba akalala kitandani, na yale maelezo ya gereza la mwili yakachapishwa kwenye jarida la idara hata hivyo.

Lorraine alistaafu, akaja Darren. Darren si mtu mbaya, na hiyo ndiyo shida yake. Mtu mbaya ungempinga ukaeleweka. Alitoka kampuni ya kusambaza mizigo, na alituletea ubao mweupe wenye majina ya wateja na duara la rangi mbele ya kila jina: kijani anaendelea vizuri, njano ana mashaka, nyekundu anaelekea kufukuzwa. Alipenda sana maneno "kushiriki" na "kuchangia". Mtu aliyekaa kimya kwake alikuwa njano. Mtu aliyekuwa akihangaika huku na huku alikuwa kijani, hata kama anahangaika kwa hofu.

Hapo ndipo alipotufikia Mapendo.

Mapendo alitoka Uvira, mashariki mwa Kongo, akapitia Kampala. Kule Kampala alimwacha binti yake mdogo, Aline, kwa dada yake, akaja Australia akiahidiwa na mwanamke mmoja wa ukoo wake kwamba atasoma na baada ya muda mfupi atamleta mtoto. Mwanamke huyo, aliyemwita Tantine kama Wakongo wanavyomwita shangazi, alikuwa na nyumba kubwa Ingleburn na kiti cha mbele kanisani. Alimnyang'anya pasipoti. Mapendo alipika, akafua, akamwogesha mama mzee wa nyumba hiyo, na mchana alipelekwa kwenye bohari la huko huko Ingleburn kufungasha bidhaa kwa jina na karatasi za mtu mwingine. Bohari lilipokaguliwa, aliyekamatwa ni Mapendo. Tantine alilia mbele ya waumini kwa jinsi binti wa watu alivyomwaibisha.

Alichokuwa akikitafuta kwetu kilikuwa kimoja. Shtaka likifutwa, angeweza kuomba Aline aletwe. Akihukumiwa, ombi hilo lingekuwa na doa, na wakili wake alimwambia waziwazi kwamba kwa doa hilo huenda asimwone mtoto mpaka awe mtu mzima. Kila alipoingia ofisini kwangu alianza na Aline na kumaliza na Aline.

Tangu siku ya kwanza aliingia jikoni. Hakuna aliyemtuma. Aliosha vikombe vilivyolala kwenye sinki, akapika chai, chai hasa, ya maziwa na tangawizi, si ule mfuko wa karatasi mnaouchovya kama mnamwadhibu mtu. Akaileta kwenye sinia, akampa kila mmoja kwa mikono miwili huku goti limekunjwa kidogo. Kisha akasimama mlangoni mpaka mtu wa mwisho alipomaliza. Akakusanya vikombe. Yeye mwenyewe alikunywa kilichobaki kwenye sufuria, amesimama, ameelekea ukutani.

"Keti nasi, mwanangu," nikamwambia.

"Hapana, Maman Eliza. Bakubwa banakunywa kwanza. Mi nitakunywa nyuma."

Chai yake ilikuwa tamu, sikatai. Lakini mimi nimewahi kuogesha wazee wa watu kwa kazi, naijua tofauti ya mtu anayehudumu na mtu anayesikilizia miguu ya bwana wake. Kikombe kikigonga meza kwa nguvu kidogo, Mapendo alikuwa ameshageuka.

Darren alifurahi mpaka masikio yakawa mekundu. Alisema hajawahi kuona mteja anayechangia kiasi hicho. Kwenye ubao Mapendo akawekewa duara la kijani, halafu Darren akamvumbulia cheo: Kiongozi wa Chai. Akamchapishia cheti chenye jina lake na picha ya birika. Mwanamke aliyekuwa mtumwa wa jikoni alipewa cheti cha jikoni, na watu wazima wenye vitambulisho shingoni wakapiga makofi.

Nanyi watoto wa nyumbani Afrika msicheke sana, maana sisi Waafrika wa ofisi ile hatukuwa na macho zaidi. Sharon, yule dada wa Nakuru anayefanya kazi na hospitali na kuja kwetu Jumatano, alinishangaa nilipolalamika.

"Lakini Mama Eliza, si hiyo ni heshima tu? Huyo dem amelelewa poa. Wangu huko home hata glass ya maji hawezi niletea."

Ndivyo ilivyokuwa. Wazungu waliona ni kuwezeshwa, sisi tukaona ni malezi mema, na Mapendo akaendelea kunywa chai ameelekea ukutani.

Nikalipeleka kikaoni. Nikasema kwamba huyu hajapona, amehamisha jiko tu kutoka Ingleburn. Darren akanitazama kwa upole, ule upole unaofundishwa kwenye semina.

"Eliza, wewe mwenyewe ni Mwafrika. Hii si sehemu ya utamaduni wenu?"

"Kwetu mgeni haingii jikoni," nikamjibu. "Anaketi kwenye kiti kizuri, analetewa, na kikombe kikiisha anaongezewa. Mapendo hapa ni mgeni au ni mtumishi?"

Akasema ni swali zuri sana. Mkimsikia Darren akisema swali ni zuri sana, jueni halitajibiwa.

Nikaamua kufanya kwa njia yangu. Kila Alhamisi alipokuja ofisini kwangu nilimkalisha, nikafunga mlango wa jikoni, nikamtengenezea chai mimi. Mimi, mwanamke wa umri wa mama yake, nilimwekea kikombe mbele yake kwa mikono miwili. Mngemwona. Alikaa kwenye ncha ya kiti kana kwamba kina moto.

"Maman, unanifanyia haya," akasema akiwa karibu kulia. "Mukubwa hawezi kunipikia mi chai. Njo bataniona namna gani?"

"Hakuna anayekuona. Kunywa."

Hakunywa. Chai ikapoa, nikaimwaga. Alhamisi iliyofuata nikapika tena, ikapoa, nikaimwaga. Tulizungumza habari za Aline, za masomo yake ya Kiingereza, za ombi la pasipoti mpya, na katikati yetu kikombe kikapoa. Darren alipita akauliza kama hiyo ni mbinu. Nikamwambia ni chai.

Siku moja ya mvua akakishika. Akapuliza, akaonja, akakunja uso.

"Hii iko na sukari kidogo," akasema.

Naapa sijawahi kusikia neno tamu kama hilo katika jengo lile. Nilikaribia kumkumbatia, lakini Lorraine alinifundisha kutoharibu jambo kwa shangwe, kwa hiyo nikasogeza kopo la sukari tu. Mtu anayetumikishwa halalamiki kuhusu sukari. Hana kimo hicho. Akatia vijiko vitatu, akakoroga, akanywa yote, ameketi.

Baada ya hapo malalamiko yalifunguka. Basi linachelewa. Mwalimu wa Kiingereza anaongea haraka kama anakimbizwa. Sweta langu nililomwazima linawasha shingo. Godoro, baridi, jirani, mbwa wa jirani. Nilimsikiliza kwa raha niliyoificha. Na wiki chache kabla ya kesi yake ya mwisho, aliingia ofisini asubuhi, akapita jikoni bila kutazama, akaketi kwenye kochi katikati ya mito ya rangi saba, akaweka mkoba mapajani. Vikombe vikalala kwenye sinki. Watu wakaanza kuchungulia jikoni mmoja mmoja kama kuku waliosahauliwa kulishwa.

Duara la Mapendo likawa njano siku ileile.

Darren aliandika ripoti yake kwa hakimu kwa masikitiko ya kweli. Ilisema mteja amerudi nyuma, ameacha kushiriki katika shughuli za pamoja, ameacha wadhifa wake wa uongozi bila maelezo, na inapendekezwa mahakama ifikirie kama bado anafaa kuwamo kwenye mpango. Nilimwambia usoni kwamba anataka kumnyima mwanamke mtoto wake kwa sababu yeye mwenyewe amekosa chai. Akasema naichukulia kibinafsi. Ndiyo, niliichukulia kibinafsi. Mpaka leo sijui namna nyingine ya kuchukua jambo la namna ile.

Asubuhi ya kesi tulipita mlango wa nyuma. Mapendo alivaa sweta linalowasha. Kwenye benchi aliniuliza kitu kimoja tu.

"Maman, nirudilie kupika? Nitawaambia nitapika tena. Juu ya Aline."

Hilo lilinichoma. Ningeweza kumwambia ndiyo, na lingekuwa jibu la usalama. Angepika, duara lingekuwa kijani, mtoto angekuja. Wengi wangesema ndiyo na kwenda nyumbani na amani.

"Mwambie hakimu kwa nini uliacha," nikasema. "Basi. Akikuuliza, mwambie hivyohivyo."

Hakimu alikuwa mama wa miwani ya kamba, mkavu, asiyependa hotuba. Aliisoma ripoti akaiweka chini. Kupitia kwa mkalimani akamuuliza Mapendo kama ni kweli ameacha kusaidia pale ofisini, na kama kuna tatizo. Mapendo akakunja na kukunjua mkono wa sweta. Wakili wake akataka kusimama, hakimu akamwonyesha kwa kidole akae. Alikuwa mtu wa kungoja jibu, namshukuru mpaka leo.

"Madame juge," Mapendo akaanza, kwa sauti ndogo. "Kwa Tantine nilikuwa napika chai kila siku. Siku moja nilikuwa mgonjwa, nikabakia kitandani. Akaniambia, kama haupike nitakupeleka kwa polisi, na mutoto wako hautamuona. Nilipofika hapa ku programme nikapika tena, juu nilikuwa naogopa. Banasema ni vizuri, bananipatia na cheti. Kisha nikajiuliza, hawa batu bananipenda mi, ao banapenda chai? Donc niliacha, nione. Sasa naona. Niko mbele ya juge, na banasema mutoto wangu sitamuona."

Mkalimani alipomaliza kuyatafsiri, chumba kizima kikawa kinatazama meza. Hakimu akavua miwani.

"Bwana meneja," akamwambia Darren, aliyekuwa ameketi nyuma yetu. "Sasa hivi nani anapika chai ofisini kwenu?"

Darren akasimama. "Hakuna mtu maalumu, Mheshimiwa. Kila mtu anajitengenezea."

"Na mpango bado unaendelea?"

"Unaendelea, Mheshimiwa."

"Nimefurahi kusikia." Akavaa miwani, akafuta shtaka, akamtakia Mapendo heri, akaita kesi inayofuata. Ilikuwa fupi kiasi kwamba Mapendo alibaki amesimama akingoja adhabu, ikabidi nimvute mkono.

Mchana kulikuwa na keki, kwa sababu huku hakuna jambo linaloisha bila keki. Na Darren, mtu huyo huyo, alimkabidhi Mapendo kisu na rundo la sahani akimwomba awe mwenyeji. Mapendo akavitazama. Akaviweka mezani, akaketi kwenye kochi. Darren akabaki hana la kufanya ila kuzunguka na birika mwenyewe. Alipomfikia akammiminia, Mapendo akaonja, akamrudishia kikombe.

"It's cold," akasema, kwa Kiingereza kilichonyooka kuliko chochote alichofundishwa.

Darren akaenda kuchemsha maji mengine. Mwaka uliofuata aliisimulia hadithi hiyo kwenye mkutano wa wakuu kama mfano wa mafanikio ya uongozi wake, ikiwa na picha ya kikombe kinachofuka moshi. Nilikuwa nimekaa mstari wa nyuma. Nilikula biskuti zao zote.

Basi, vijana, hayo ndiyo niliyonayo. Ule ubao bado upo, na mkiweza ufuteni. Mtu akiwasaidia sana, msifurahi upesi. Akianza kuwachosha kwa malalamiko, mpeni kiti na sukari, na fungeni mlango Darren asisikie.

Jumamosi iliyopita nilialikwa kwa Mapendo. Amepanga nyumba Penrith, vituo viwili vya basi kutoka kwangu, anafanya kazi kwenye kituo cha wazee, kwa jina lake. Kulikuwa na msichana mrefu amejilaza kwenye kochi, miguu juu, simu mkononi. Aline. Ameshakuwa mkubwa, na Kiswahili anakisikia chote ila anakijibu kwa Kiingereza, kama watoto wote wa huku.

"Aline," mama yake akamwita. "Simama, upikie Maman Eliza chai."

"Wait, Mum. I'm busy."

Hakuwa na shughuli yoyote. Hata hakuinua macho. Kwetu ningekuwa nimeshavua ndala. Nikamtazama Mapendo, naye akanitazama, na nikaona midomo yake inaanza kutetemeka. Nikadhani analia. Akashika mlango wa jikoni, akacheka, akacheka mpaka akakaa chini sakafuni na machozi yakimtoka.

"Umesikia, Maman?" akasema alipopata pumzi. "Umesikia? Amekataa."